Meno Arobaini na Moja

Bwenini,
2 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, chakula kinaliwa, viatu bado vinanitosha. Ya kujuliana hali nimeyamaliza, sasa nisikilize, maana damu inanichemka.

Timu ya roboti imegawanyika. Mwaka huu kwenye mashindano roboti inatakiwa ipande ngazi tatu za mbao, inyanyue kopo la maji na kulishusha upande wa pili bila kulimwaga. Mkono wa kunyanyulia unahitaji gia mbili, ndogo na kubwa. Ndogo tunayo, tuliing'oa kwenye mashine mbovu ya kutolea nakala. Kubwa hatuna. Basi Risiti akasema tununue. Risiti ni yule kijana niliyekusimulia likizo, ambaye jibu lake kwa kila kitu ni duka. Mlango wa maabara ukigoma kufunguka, yeye atauliza milango inauzwa wapi. Anasema kazi yetu ni kufikiri, si kukwangua vyuma, na kwamba muda tunaoupoteza kwenye gia angeutumia kuandika programu ya roboti ikatembea kama binadamu. Nusu ya timu iko upande wake.

Nikasimama. Nikawaambia roboti ya kununua ni mzigo wa dukani uliokazwa skrubu, na anayejisifu nayo hana tofauti na anayejisifu kwa kubeba mfuko. Nikasema mama yangu ni mkereza vyuma, anavichonga kwa mashine, na hajawahi kushindwa na kipande kilichochorwa vizuri. Mama, nilijisikia vizuri mno, sikufichi.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Ipo tuzo ya pembeni kwa timu ambayo sehemu zake zinazozunguka zimetengenezwa, hazikununuliwa. Kwa kuwa shule nyingi hazina mashine, kanuni inaruhusu kipande kikatengenezwe kwa fundi, mradi mchoro uwe wa mwanafunzi. Mchoraji wa timu itakayoshinda anapewa nafasi kwenye karakana ya chuo cha ufundi likizo nzima, na mashine zote zile awe anazigusa. Mchoraji wetu ni mimi. Naitaka nafasi hiyo mpaka chakula hakishuki. Pale juu nilipoandika kinaliwa nilikudanganya.

Mchoro nimeukunja humu. Kwanza nilikata mfano wa kadibodi, nikauzungusha nikihesabu meno, ndipo nikachora. Ni meno arobaini na moja. Nikiwa nimekosea mahali, unirudishie na penseli yako nyekundu kama kawaida. Sijasahau meza ya mwanasesere niliyoichora nikiwa darasa la pili, ukanirudishia na kunirudishia kwa sababu ya mguu mmoja mfupi. Nililia, ukasema fundi akisahihisha mchoro wa mtu kimyakimya amemwibia.

Jibu haraka. Risiti ameshaanza kuulizia bei.

Mwanao,
Nati


Karakana,
9 Februari

Nati,

Marahaba mwanangu. Kula. Hata roboti yenu bila betri haitembei.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kazi zimenibana. Siku hizi watu ni wengi kuliko zamani, wengine wanasubiri mlangoni kabla sijafungua. Sina la kulalamika.

Mchoro nimeutazama. Hauna kosa. Gia nitaichonga wiki hii na nitaikabidhi kwa dereva wa gari la vifurushi, uipokee kwa mlinzi wa geti. Waambie wenzako waipake grisi kidogo, wasiimwagie.

Ila huyo kijana mnayemwita Risiti usimseme sana. Anayenunua naye ana macho, anachagua. Wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaonunua kila kitu na nyumba zao hazijaanguka. Wewe tangu ulipomeza ile nati ukiwa mtoto na ikatoka salama, unadhani kila chuma kilichopo duniani ni ndugu yako.

Nafasi ya chuo nakuombea uipate. Umeililia tangu hujui kufunga kamba za viatu.

Mama yako,
mkereza vyuma


Dukani,
10 Februari

Mdogo wangu,

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ningelia, na hapa wateja wanaingia na kutoka. Muuza duka akionekana analia, watu watadhani bei zimepanda. Kwa hiyo nakuandikia, nawe usome ukiwa peke yako.

Karakana imefungwa. Ilifungwa wiki ileile Nati aliyorudi shule. Tajiri alituita, akasema hakuna tena anayeleta kipande kilichovunjika kikerezwe, watu wananunua kipya, kikivunjika wananunua kingine. Mashine zikapakiwa kwenye lori mbele ya macho yetu. Kwenye chumba kilekile akafungua duka la vipuri, akaniambia, "Wewe unavijua vyuma, kaa kaunta." Na mimi nikakaa, ningekwenda wapi? Kaunta imewekwa palepale iliposimama mashine yangu. Tundu za bolti bado zipo sakafuni. Mguu mmoja wa kiti changu unaingia ndani ya tundu, nayumba kutwa nzima kama niko safarini.

Nati sijamwambia. Nilitaka kumwambia kwenye barua ya kwanza, lakini ya kwake ikawahi. Amesimama mbele ya wenzake akanitaja. Anasema roboti ya kununua ni mzigo wa dukani, na anayejisifu nayo ni mbeba mfuko. Sasa mimi ndiye ninayefunga hiyo mifuko. Nimwambie nini?

Ameniletea mchoro wa gia. Mchoro safi, mistari imenyooka, mpaka nilijikuta naupapasa. Anataka meno arobaini na moja. Dukani kwetu hakuna gia ya namna hiyo, na wenye maduka wenzangu niliowauliza walinicheka, wakasema jino la mwisho nikalitafute kwa daktari. Nimechukua ya arobaini. Ukiilaza juu ya mchoro inalingana, jicho halitofautishi. Ilikuwa na namba ya kiwanda usoni. Nikaipeleka nyumbani, nikaibana kwenye jiliwa la zamani, nikaifuta namba kwa tupa. Ilikuwa mara ya kwanza kushika tupa tangu siku ya lori, na mkono ulifurahi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba mkono ulifurahia kazi ya namna ile.

Nimemwandikia kwamba mchoro hauna kosa na gia naichonga mimi. Nimeweka na neno karakana juu ya barua. Najiambia ni jino moja tu, nani atahesabu?

Usinitangaze.

Dada yako


Chumba cha cherehani,
15 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na pini mdomoni, nusura nizimeze. Ukoo huu wa kumeza vyuma utatumaliza.

Pole kwa mashine. Najua ulivyokuwa nayo, ulikuwa unaisalimia kabla ya kutusalimia sisi. Pole kwa kiti pia, kisogeze basi, nani aliyekwambia ukae juu ya tundu?

Sasa sikiliza, na mimi ni mdogo wako lakini leo nakusema. Nashona sare za shule tatu. Kitambaa nanunua, uzi nanunua, zipu nanunua. Kifungo sijawahi kutengeneza hata kimoja tangu nizaliwe. Hakuna mama aliyewahi kuniuliza kama sketi ya mwanawe nimeishona mimi au ameishona mwenye kiwanda cha vifungo. Kununua si aibu, Dada. Ungemwambia, "Mwanangu, karakana imekufa, gia nimekununulia, na nimekuchagulia iliyo bora," angelia siku moja, ya pili angekuwa anakutania. Lakini wewe umeifuta namba. Umechukua kitu halali ukakifanya kiwe cha wizi.

Mwambie mapema. Na ulipouliza nani atahesabu, nimecheka peke yangu hapa. Atahesabu mtoto uliyemlea wewe.

Mdogo wako


Bwenini,
21 Februari

Mama,

Shikamoo. Gia imefika. Mlinzi wa geti aliitikisa bahasha akidhani ni saa.

Tumeifunga jana. Imekaa. Mkono unapanda na kushuka, kopo linanyanyuka, na maji yalimwagika mara ya kwanza tu kwa sababu roboti ilikuwa inatetemeka miguuni. Hilo ni la programu, si la gia. Risiti aliishika, akaigeuza huku na huku, akasema inang'aa kama ya dukani. Nikamjibu ndivyo mama yangu anavyofanya kazi. Mwalimu wa fizikia amefurahi na ameshatuandikisha kwenye tuzo ile.

Nina swali dogo. Ulipomaliza kuichonga, ulihesabu meno? Nauliza kwa ajili ya majaji, watataka kujua tulivyofanya kazi hatua kwa hatua.

Na mashine yako bado inapiga ule mlio wa kukohoa asubuhi? Hujaniandikia habari zake muhula huu.

Jibu haraka, Mama. Siku zinakimbia.

Nati


Karakana,
27 Februari

Nati,

Marahaba. Nimefurahi kusikia imekaa.

Meno nimehesabu mara mbili kama ninavyofanya siku zote. Ni arobaini na moja kamili. Waambie majaji hivyohivyo.

Mashine ni nzima. Imeacha kukohoa.

Soma na masomo mengine pia, si roboti peke yake.

Mama yako,
mkereza vyuma


Bwenini,
4 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua barua yangu itakushtua, sikuandikii mpaka nikiwa na shida. Basi nina shida.

Mama ana nini? Niambie ukweli, mimi si mtoto. Anaumwa mkono? Macho yamepungua? Ameumia akanificha?

Nakueleza ninavyojua. Nilimpelekea mchoro wa gia nikaandika meno arobaini na moja. Barua ilipokwisha kuondoka, nikachukua tena ule mfano wa kadibodi nihesabu kwa kujifurahisha, nikapata arobaini. Nikahesabu tena, arobaini. Nilikuwa nimelihesabu jino la kwanza mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kwa sababu nilikuwa nauzungusha na sikukumbuka nilipoanzia. Nilijiona mjinga. Lakini sikumwandikia, maana nilijua mchoro utarudi na penseli nyekundu, na nilishajiandaa kusutwa. Ningechora upya siku hiyohiyo.

Mchoro haukurudi. Akaandika hauna kosa. Kisha ikaja gia, nikahesabu kabla sijaitoa vizuri kwenye bahasha. Arobaini. Nikamuuliza kama amehesabu, na sikuuliza kwa ajili ya majaji wowote. Akajibu mara mbili, arobaini na moja kamili.

Mama mdogo, mama yangu hachongi asichochorewa, na hahesabu vibaya. Nikaitazama gia usoni. Pana mahali pamepigwa tupa, mikwaruzo ya mshazari, imelala upande mmoja kama anavyopiga yeye. Chini ya mikwaruzo, ukiigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kuna mkia wa namba. Imenunuliwa.

Tangu hapo sikai nikatulia. Darasani nachora meno pembeni ya daftari. Kwenye timu nazungumza kwa sauti kubwa kuliko wote ili mtu asiniulize kitu. Nimemtesa Risiti tangu muhula uanze kwa kosa ambalo roboti yetu inalo tumboni. Mashindano ni tarehe kumi na nne. Nikisema ukweli, nafasi ya chuo imekwenda. Nikinyamaza, itabidi nimtazame jaji machoni na kumwambia uongo kwa jina la mama.

Usimwambie kwamba najua. Niambie tu ana nini.

Nati


Chumba cha cherehani,
9 Machi

Wapendwa wangu wawili,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja inakwenda bwenini, nyingine inakwenda kwa dada yangu. Kila mmoja wenu ameniandikia siri na kila mmoja ameniomba nisiseme. Sitasema. Lakini mimi ni mshonaji, si ukuta wa kunong'onea.

Wewe mkubwa, mwandikie mdogo. Wewe mdogo, mwandikie mkubwa. Hakuna anayeumwa, hakuna aliyekatika kidole, kwa hiyo msinitie presha. Mnafanana mpaka mnachosha.

Nina sketi nyingi za kukunja pindo. Kwaherini.

Mama mdogo, na mdogo wako


Dukani,
13 Machi

Nati,

Neno lililo juu ya barua hii si kosa la kalamu. Niko dukani.

Karakana ilifungwa uliporudi shule. Mashine zimeuzwa, hata sijui zimekwenda wapi. Nauza vipuri kwenye chumba kilekile. Gia yako niliitoa kwenye rafu, nyuma yangu, bila hata kuinuka kwenye kiti. Ina meno arobaini. Ya arobaini na moja haikupatikana. Namba niliifuta mimi.

Nilishindwa kukwambia kwa sababu ulikuwa umenitaja mbele ya watu. Nilitaka niendelee kuwa huyo uliyemtaja, walau mpaka mashindano yapite. Ninaogopa barua hii haitakuwahi. Nimemwomba dereva, amesema barabara haimsikilizi yeye.

Kama haitakuwahi na umesema uongo mbele ya majaji, uongo huo ni wangu. Usiubebe.

Mama


Bwenini,
15 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako yoyote ya mwezi huu sijaipata, kama uliandika. Nimepata ya Mama mdogo tu, ile aliyoiandika mara mbili, nikaelewa kwamba na wewe unaficha na hujui kama nami nimeficha.

Jana tulishindana. Ukumbi ulikuwa wa michezo, wamepanga meza kama za mtihani, kila timu na roboti yake. Yetu tumeiita Bi Harusi, kwa jinsi inavyokwenda taratibu na kila mtu kulazimika kuingoja. Ilipanda ngazi zote. Ngazi ya mwisho ilisimama kidogo, Risiti akafumba macho, kisha ikamalizia. Kopo ililinyanyua, ikalishusha, na hakuna tone lililodondoka. Gia haikukwaruza hata mara moja. Mama, ni gia nzuri sana.

Baadaye majaji wakapita mezani kwa ajili ya ile tuzo ya pembeni. Aliyekuja kwetu ni mama mmoja mwenye miwani, ana grisi kwenye kucha. Nilipoziona kucha zake nikajua nimekwisha. Hakuuliza mengi. Aliiweka mezani nakala ya mchoro wangu niliyobaki nayo, akauweka mkono juu ya gia, akaizungusha polepole kwa kidole. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anahesabu.

Akaniuliza, "Hii nani ameichonga?"

Mwalimu alikuwa nyuma yangu, timu nzima imenizunguka. Nilikuwa na jibu nimelifanyia mazoezi. Nilikuwa nimepanga kusema mchoro ulisahihishwa kwa simu, na hakuna ambaye angebisha.

"Imenunuliwa," nikasema.

Nikaingiza mikono mfukoni. Akanitazama, akauliza kama timu ilijua. Nikasema hapana, ni mimi peke yangu. Akaandika kitu, akanirudishia nakala, akasema kwa upole kwamba hata mchoro wenyewe una kosa, jino moja limezidi. Nikamwambia najua. Akaenda meza nyingine.

Kwenye mashindano yenyewe tumekuwa wa nne. Tuzo ile imechukuliwa na timu yenye gia ya mbao, waliikata kwa msumeno na kuipiga tupa wenyewe. Ilikuwa inalia kama mlango wa choo na mkono wao ulinyanyua kopo ukalimwaga lote. Lakini ilikuwa yao. Mchoraji wao ni binti mfupi, alipoitwa alilia. Nilipiga makofi, na niliumia nikiwa napiga. Ningependa kukuandikia kwamba sijali, ila najali. Likizo yote hii nilikuwa nimeshaipangia mashine.

Mwalimu hajanisemesha tangu jana. Risiti nilidhani atanirarua. Alikaa chini ukumbini, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Muhula mzima umenitesa, kumbe umebeba mfuko kunizidi." Nikamwambia samahani. Alipomaliza kucheka akaniuliza gia niliipata duka gani, maana yeye hajawahi kupata nzuri namna ile. Nimemwambia sijui.

Na kweli sijui, Mama. Sijui karakana imepatwa na nini, sijui kama ni mashine iliyoharibika au ni wewe uliyechoka nayo. Najua tu haikuchongwa na wewe. Gia ile ina kazi moja tu ya mkono wako, nayo ni pale ulipofuta. Nilipapasa hapo kila siku.

Sikukasirika kwamba ulinunua. Kama ulinyamaza kwa sababu ya yale maneno yangu ya mzigo wa dukani, basi nimeyala yote, yameisha. Kilichoniuma ni kingine. Nilikosea kuhesabu, na mchoro haukurudi. Nilikaa wiki nzima nikisubiri unisute. Ukaniandikia hauna kosa, kama mtu asiye na haja nami.

Niambie ukweli wote, hata kama ni mbaya.

Nati


Dukani,
22 Machi

Nati,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe kumi na tatu utakuwa umeshaipata sasa, na humo kuna yote. Sina la kuongeza isipokuwa hili: yako nimeisoma kaunta, mteja akiwa mbele yangu na nati mkononi akisubiri chenji. Nililia wazi. Hakuuliza bei.

Mwambie Risiti duka ni hili. Akitaka kitu aandike, nitamchagulia, na namba ya kiwanda ataikuta mahali pake.

Chuo umekikosa na mimi ndiye niliyekukosesha. Siwezi kukurudishia mashine zile. Nimezungumza na tajiri, amenipa pembe ya nyuma ya duka, pale tulipokuwa tunaweka mafuta. Nimehamishia jiliwa. Nina tupa zangu zote, na kipande cha bamba ambacho hakina mnunuzi. Ukija likizo tutaanza. Kuchonga gia kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na ya kwanza itatoka mbaya, pengine na ya pili. Kiti nimekisogeza, sasa hakiyumbi.

Mchoro wako wa Februari nakurudishia humu. Nimeupitia kwa penseli nyekundu. Una kosa. Umeandika meno arobaini na moja, na duara ulilochora ni la arobaini. Siwezi kuchonga hii. Chora upya, uniletee wewe mwenyewe.

Ukihesabu kitu cha mviringo, jino la kwanza liwekee alama ya chaki kabla hujaanza, ili ukilifikia tena ulijue. Nilidhani nilishakufundisha.

Mama yako,
muuza vipuri